Kata kwa Kata kwa Ajili ya Mkandaji: Namna ya Kudai Nafuu ya Vibali Kuanzia Masieda

Mkandaji wa kijijini hana bango wala chumba cha kusubiria. Ana kopo la samli au mafuta ya alizeti, kitambaa, ndoo ya maji ya moto na viganja vyake. Siku ya mnada anakaa kivulini nyuma ya wauza mitumba. Kijana wa bodaboda aliyechoshwa na makorongo ya njia ya Yaeda anavua koti, anageuza mgongo, na kazi inaanza kwa dole gumba chini ya mfupa wa bega. Malipo ni noti moja, au kuku wiki ijayo, au "Mungu akubariki, mama, nitarudi." Ukimwuliza kama ana kibali, atakutazama kwanza miguuni aone kama umevaa viatu vya ofisini.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, inamtaka anayetoa tiba hizo asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Januari 2015 katazo likarudi, safari hii likiwalenga wapiga ramli, na aliyelitangaza ni Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe. Sababu zilikuwa nzito na sioni wa kuzibeza. Ila amri ikishafika kitongojini, mgambo hachambui nani anapiga ramli na nani anachua misuli. Wote ni "waganga", na wote wanakimbia.

Mwongozo huu ni wa watu wachache, tuseme wakandaji wenyewe pamoja na mwalimu mstaafu, kijana mwenye pikipiki na mama mmoja asiyeogopa kusimama mkutanoni, wanaotaka kuzunguka Mbulu, mkoani Manyara, kudai masharti ya kazi hii yalegezwe. Nimeuandika nikiwa na kata ya Masieda akilini, kwa sababu anayetoka huko kwenda makao makuu ya halmashauri kufuatilia karatasi moja anapoteza siku nzima, na akikuta mhusika "yuko kikaoni" anapoteza na ya pili.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnachodai

Hapa ndipo kampeni nyingi hufia, kabla hata pikipiki haijawashwa. Mkisimama mnadani na kusema "sheria ifutwe", mmeshapoteza. Mganga mkuu wa wilaya atawapinga, na atakuwa na haki, maana sheria hiyo hiyo ndiyo inayompa nguvu za kumzuia tapeli anayeuza maji ya rangi kama dawa ya kisukari.

Ushauri wangu ni kutenga mkono na dawa. Daini kwamba mtu anayekanda kwa mikono na mafuta tu, asiyenywesha wala kuchanja, asiyepiga ramli, asiyeunga mfupa na asiyegusa tumbo la mjamzito, ahesabiwe kuwa mtoa huduma ndogo na si mganga. Aandikishwe bure kwenye daftari la kijiji, barua moja ya mtendaji imtosheleze, na asitozwe ushuru wa biashara mpaka awe na chumba cha kudumu. Basi. Dai likizidi hapo, hamtaweza kulieleza kwa pumzi moja, na mnadani hakuna atakayewapa pumzi ya pili.

Dai la namna hii lina mfano wake mbali kidogo. Jimbo la Minnesota, Marekani, halina leseni ya jimbo kwa wakandaji. Mwaka 2000 lilipitisha sheria ya kuwaacha watoa tiba mbadala wafanye kazi bila leseni, lakini likaorodhesha wasichoruhusiwa kukigusa: upasuaji, kutoboa ngozi, kuunga mifupa iliyovunjika, kunyoosha viungo na uti wa mgongo, kugawa dawa za hospitali. Mteja naye lazima apewe haki zake kwa maandishi. Lango likafunguliwa, ua ukabaki.

California walijaribu njia nyingine. Sheria ya mwaka 2008 ilimruhusu mkandaji mwenye cheti cha hiari cha jimbo kufanya kazi popote, na ikazipunguzia halmashauri za miji nguvu ya kumzuia. Miji ikalalamika kwamba madanguro yamejificha humo, na kufikia mwaka 2015 sehemu kubwa ya nguvu ile ilikuwa imerudishwa kwao. Mfano huo uwekeni mfukoni, mtauhitaji kwenye hatua ya tano.

Hatua ya 2: Jueni nani anaweza kutoa nini

Watu huzunguka mwaka mzima wakimwomba diwani kitu kilicho mikononi mwa waziri. Mgawanyo ni huu.

Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo zake. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, hujadili, kisha halmashauri ya wilaya huidhinisha. Daftari la wakandaji linaweza kuanzia hapo. Halmashauri ya wilaya inashika ushuru na tozo, na mkuu wa idara ya afya ndiye anayeamua mratibu wa tiba asili atawafuata wakandaji kwa ukali kiasi gani. Sheria yenyewe ya mwaka 2002 ni ya Bunge, na kanuni zake ni za Wizara ya Afya.

Sheria ndogo ya kijiji haiwezi kumwondolea mtu wajibu uliowekwa na sheria ya Bunge. Waambieni wakandaji ukweli huo tangu siku ya kwanza. Aliyesajiliwa asiache usajili wake eti kwa kuwa kampeni imeanza. Ambaye hajasajiliwa, msaidieni kujaza fomu huku mkiendelea kulalamikia njia yake ndefu, kutoka serikali ya kijiji hadi kata, wilaya, na hatimaye kwa Msajili wa Baraza. Malalamiko ya mtu aliyejaribu yana uzito kuliko ya aliyekaa nyumbani.

Jingine: Mbulu ni halmashauri mbili. Kuna Halmashauri ya Mji wa Mbulu, na kuna Halmashauri ya Wilaya yenye makao Dongobesh. Masieda, Haydom, Eshkesh na Yaeda Chini ziko chini ya Dongobesh. Mkishinda Dongobesh, mama anayekanda karibu na stendi ya Mbulu mjini hajapata kitu.

Hatua ya 3: Anzeni na daftari, kipaza sauti kitafuata

Kabla ya hotuba yoyote, tembeleeni wakandaji mmoja mmoja. Chukueni daftari la kaunta na kalamu ya wino. Msianze na maswali. Shikamoo kwanza, habari za mvua, habari za mifugo, kisha kaa kimya mpaka akuulize umefuata nini. Kwa Wairaqw na Wadatoga mgeni anayekimbilia haja yake huonekana hana adabu. Kwa kaya za Wadatoga nendeni na mtu anayezungumza Kidatoga. Kwa Wahadzabe, mtu anayejulikana kambini. Bibi anayejua Kiswahili cha sokoni tu hawezi kukueleza kwa Kiswahili jinsi anavyoutafuta mshipa kwenye shingo ya mtu.

Ukurasa mmoja uwe hivi:

"Mkandaji, mwanamke, ana wajukuu. Alijifunza kwa shangazi yake. Anakanda mgongo, mabega, nyayo. Akina mama waliojifungua anawakanda kwa maji ya moto, mgongo tu. Hatoi dawa. Aliombwa kibali na mtu aliyejitambulisha kuwa wa afya. Hakupewa karatasi wala stakabadhi. Alikwenda kwa mtendaji, akaambiwa aende wilayani. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi alichopata wiki ile. Hakurudi tena. Amekubali habari hizi zisomwe bila jina."

Angalieni kilichomo: anachofanya, asichofanya, aliombwa nini, alipewa karatasi gani, ilimgharimu nini. Hakuna "tunanyanyaswa" wala "viongozi wetu hawatujali". Kurasa za namna hii zikisomwa mbele ya Kamati ya Elimu, Afya na Maji ya halmashauri, wajumbe huanza kuulizana wao kwa wao. Majina halisi yabaki kwenye daftari la pili, kwa mtu mmoja mnayemwamini. Aliyeombwa "chai" na kutajwa hadharani atarudiwa usiku.

Daftari litawaonyesha pia wakandaji msiopaswa kuwatetea. Mtamkuta anayechanja. Mtamkuta anayegeuza mtoto tumboni kwa mikono na kujisifu. Mwambieni kwa heshima, baba au mama, kwamba dai hili halimhusu, na kwamba mjamzito ni wa kliniki. Msimwingize kwa kuwa tu ana wafuasi wengi.

Hatua ya 4: Pangeni safari kwa kalenda ya watu

Msitoke masika. Kati ya Machi na Mei udongo mweusi wa bonde la Yaeda hushika tairi la pikipiki mpaka mkaisukuma. Wakati wa kuvuna pia mtahutubia mbuzi. Fuateni minada: ulizieni tarehe ya kila mnada kwa wachuuzi wa ng'ombe, wao hawakosei, na pangeni njia ili mnada mmoja uwapeleke kwenye mwingine. Wasaidizi wanaotoka Babati kwa njia ya Mbuyu wa Mjerumani wawe wameupanda mlima wa Magara mchana, si jioni.

Kaeni mbali na miezi ya uchaguzi. Wenyeviti wa vijiji walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 na uchaguzi mwingine wa serikali za mitaa ni 2029, kwa hiyo mna nafasi. Ukipanda jukwaani wakati wa kampeni, hata kama hotuba yako ni ya viganja na samli, utapewa chama.

Mkitaka kuitisha mkutano wenu wa hadhara mnadani, mpelekeeni polisi taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla: mahali, muda, mada, jina la anayehusika. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mtendaji wa kata apate nakala yake, na yeye mwulizeni kuhusu kipaza sauti. Mkutano mkuu wa kijiji ni habari nyingine, huo huitishwa na mwenyekiti mwenyewe. Ndiyo maana naupenda zaidi.

Hatua ya 5: Ingieni mkutano mkuu wa kijiji, na msikubali kuwekwa kwenye "mengineyo"

Mkutano huu hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Watu huja kusikia mapato na matumizi, na wakishasikia huanza kuondoka. Ajenda ya mwisho, "mengineyo", hujadiliwa na mwenyekiti, mtendaji na wazee wanne waliosinzia. Jambo lililopita hapo halionekani kwenye muhtasari, au linaonekana kwa mstari mmoja: "Wakandaji waliomba kusaidiwa."

Kwa hiyo mpelekeeni mtendaji barua mapema, mkiomba ajenda yenye namba yake. Andikeni wenyewe maneno ya azimio ili asipate kazi ya kuyatunga:

"Mkutano mkuu unaazimia kwamba wakandaji wa mikono wasiotoa dawa, wasiopiga ramli, wasiounga mifupa na wasiokanda wajawazito waandikishwe bure kwenye daftari la kijiji, na unaiomba Halmashauri ya Wilaya iwaondolee ushuru na kupunguza hatua za vibali vyao."

Siku yenyewe asizungumze kiongozi wa kampeni. Azungumze mkandaji wa kijiji kile kile, na baada yake mteja. Mchunga ng'ombe aliyekuwa hawezi kuinua ndoo ana nguvu kuliko msomi wa Dodoma. Lakini msimwache aseme "aliniponya". Aseme alipata nafuu. Neno la kuponya likishatamkwa, afisa wa afya aliyekaa nyuma ataandika, na mtakuwa mmejirudisha wenyewe kwenye kapu la waganga.

Maswali matatu yatakuja, karibu kila mahali.

La kwanza ni la madanguro. Mzee mmoja atasema masaji za mjini zinajulikana, tutaleta uchafu kijijini. Msimcheke wala msikasirike, ana hoja, na California ni ushahidi wake. Jibuni kwa masharti: mkandaji wa daftari anafanya kazi mahali pa wazi au nyumbani kwake mlango ukiwa wazi, mtoto hakandwi bila mzazi, na atakayekiuka jina lake linafutwa na kijiji chenyewe. Kijiji kinamjua mtu wake kuliko leseni iliyobandikwa ukutani inavyomjua.

La pili ni la usalama, na hili ndilo zito. Kabla ya safari, nendeni kwa daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba mkamwombe awapitishie orodha ya mambo ambayo mkandaji akiyaona anaacha mafuta na kumpeleka mgonjwa hospitali. Hospitali ya Kilutheri Haydom imekuwapo tangu 1955, na hakuna familia ya upande huu isiyowahi kupita pale. Azimio linalosema "mkandaji atampeleka mgonjwa Haydom au zahanati" linaeleweka bila maelezo. Orodha isikose haya: mguu mmoja uliovimba, wa moto na unaouma, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, maana huenda ni damu iliyoganda na kuukanda kunaweza kuua, mfupa unaodhaniwa umevunjika, uvimbe ambao haujapimwa, homa, na mgongo wa mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi huku akikonda. Isomeni orodha mkutanoni yote, polepole. Nimeshasikia wanaharakati wakiona kwamba kutaja hatari kunadhoofisha dai. Mimi naona ndiko kunakolibeba, kwa sababu hapo mnaonekana watu mnaojua mipaka ya kazi yenu.

La tatu ni la mapato: kijiji kitapata nini? Kumbusheni kwamba Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka, ili wasisumbuliwe na utitiri wa tozo. Na Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara, ulioanza kutekelezwa Julai 2019, ulifuta tozo nyingi zilizokuwa zikijirudia. Mnaomba kilekile kimfikie anayelipwa kuku.

Kabla hamjaondoka, pateni nakala ya muhtasari yenye sahihi na muhuri. "Njoo Jumatatu" msiikubali. Kaeni mwandike pamoja na mtendaji. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, kama jamii, na nyuma ya hati ile kulikuwa na mipango ya matumizi ya ardhi na mikutano ya vijiji. Wachache sana kwa idadi, lakini karatasi zao zilikuwa kamili.

Hatua ya 6: Kutoka kata hadi Dongobesh

Vijiji kadhaa vikishapitisha azimio moja kwa maneno yale yale, pelekeni mihutasari kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe, kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha. Ombeni diwani alipeleke jambo kwenye kamati ya kudumu inayohusika na afya kwanza. Jambo linaloibukia baraza la madiwani bila kupita kamati hurudishwa kamati, na miezi mitatu imekwenda.

Kata moja haitoshi. Madiwani wa Masieda, Haydom na Yaeda Chini wakisimama siku moja na karatasi zinazofanana, mkurugenzi atamwita mwanasheria wa halmashauri aangalie. Wakiamua kubadili sheria ndogo ya ushuru, wananchi hupewa taarifa ya kusudio na nafasi ya kutoa maoni au pingamizi kabla haijapelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Wakati huo zungukeni tena, safari hii mkikusanya barua za kuunga mkono. Wengi husherehekea siku ya kikao cha madiwani na kusahau kipindi hiki, halafu pingamizi moja lililoandikwa vizuri linawaangusha.

Mbunge mtumieni kwa ngazi ya Wizara na Kamati ya Bunge ya Afya na Masuala ya UKIMWI. Mei 2022 aliyekuwa mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi bungeni akidai lami ya Karatu–Mbulu–Haydom–Sibiti, na nchi nzima ikajua barabara ile iko wapi. Kwa wakandaji sishauri sarakasi, mgongo ukitetereka mtaambiwa mjikande. Mpeni kurasa mbili: dai, na idadi ya vijiji vilivyoazimia pamoja na majina yake. Daftari la kaunta lote hatalisoma.

Hatua ya 7: Hesabuni watakaoumia

Hili hufanywa mwishoni, ingawa pengine lingefaa kuja mapema. Kulegeza masharti kuna anayepoteza. Korea Kusini kazi ya ukandaji ilitengewa wasioona kwa sheria. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ilipoondoa ulinzi huo, wasioona waliandamana hadi kwenye daraja la mto Han mjini Seoul, na Bunge likaurudisha. Mwaka 2008 Mahakama ikaukubali. Mbulu hakuna sheria ya namna hiyo, lakini yupo aliyehangaika, akalipa, akasajiliwa kwa Msajili, na cheti kimetundikwa ukutani. Atauliza: mimi nimelipa bure? Mtembeleeni kabla hajawageuka. Anaweza kuwa mwalimu wa wale wa daftari, na kijiji kikatambua cheti chake kuwa daraja la juu. Mkimwacha, yeye ndiye atakayeandika lile pingamizi.

Azimio likipita, bandikeni nakala kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata, na kila mkandaji awe na nakala ndogo ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na ile orodha ya kupeleka hospitali nyuma yake. Mgambo akija asomewe upande wa kwanza. Afisa wa afya akija, ageuziwe wa pili.

Mkitaka kuipeleka kampeni wilaya jirani ya Hanang, kule ni halmashauri nyingine, na ofisi ziko Katesh. Karatasi za Dongobesh zitawafungulia mazungumzo tu. Azimio la kwanza litafutwe upya kijijini, na mkandaji wa kwanza kusimama awe wa huko.